Fuso inachemsha ikiwa imesimama: tafuta upepo kabla hujagusa hedi

Swali: Shikamoo fundi. Nina Fuso ya mwaka 1997, injini 6D16 yenye turbo, nabeba mchele na mahindi kutoka Mbeya. Barabarani mshale wa joto unakaa katikati bila shida. Nikipanda Kitonga na mzigo unapanda kidogo, nikifika juu unarudi. Tatizo ni foleni. Nikikaa Tunduma mpakani au kwenye mizani injini ikiwa sailensi, baada ya dakika 20 au 30 mshale unaelekea kwenye nyekundu na maji yanaanza kutoka kwenye kifuniko cha rejeta. Fundi wa kwanza alitoa thamostati, haikusaidia. Wa pili anasema gasketi ya hedi imekwenda, nitafute hela ya kufungua. Nifungue?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Usifungue bado. Huenda fundi wa pili yuko sahihi, lakini maelezo yako mwenyewe yanaelekeza kwingine, na kufungua hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, ni kazi ya mwisho kwenye ugonjwa wa namna hii.

Hebu tulinganishe moto wa mlimani na moto wa kwenye foleni. Injini hii ya lita 7.5 ikivuta mzigo Kitonga inaweza kuchoma dizeli lita 30 na zaidi kwa saa. Ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila wewe kukanyaga mafuta, haifikishi hata lita 3. Joto la kuondoa ukiwa Tunduma ni kama sehemu moja ya kumi ya lile la Kitonga, au pungufu. Rejeta iliyolimudu joto la mlimani si rahisi ishindwe na hili dogo kwa sababu ya udogo wake au kwa kuziba ndani. Gasketi iliyoungua nayo hujionyesha zaidi injini inapobeba mzigo, maana hapo ndipo msukumo ndani ya silinda unakuwa mkubwa kabisa. Yako inatulia ikifanya kazi na inachemka ikipumzika. Kilichopo mlimani na barabarani, lakini hakipo kwenye foleni, ni upepo. Ukiwa kwenye mwendo, barabara inakupa upepo bure. Ukisimama, lori linapaswa kujitengenezea upepo wake lenyewe, na lako halifanyi hivyo vya kutosha.

Kabla ya kugusa chochote, jiridhishe na mshale. Geji za magari ya umri huu hudanganya. Washa taa kubwa na hita ukiangalia mshale: ukiruka ghafla, tatizo liko kwenye waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi), si kwenye maji. Wewe umeona maji yakitoka, kwa hiyo sina shaka sana kwamba joto lipo, ila bado ningependa ulipime. Siku hizi kuna vipimajoto vya kuelekeza, vile vyenye umbo la bastola, na havina bei ya kutisha. Acha injini sailensi mpaka mshale uanze kupanda, kisha pima mpira wa juu wa rejeta na mpira wa chini. Kama juu na chini joto linakaribiana, maji yanapita lakini rejeta haipozwi: upepo hakuna. Kama juu ni moto sana na chini ni baridi, maji hayazunguki: hapo tuzungumze pampu au matundu ya rejeta yaliyoziba. Kipimo hicho kimoja kitakuokolea wiki nzima ya kubahatisha, na hakuna bolti hata moja inayofunguliwa.

Angalia pia namna mshale unavyopanda. Ukifika kilele na kusimama papo hapo, ni kawaida upande kidogo dakika za mwanzo, kwa sababu chuma cha injini bado kina joto la mlima na kinalimwaga kwenye maji, halafu ushuke. Huo si ugonjwa. Unaopanda taratibu bila kurudi, dakika 20 hadi 30 kama wako, ndio wa upepo.

Sasa tuutafute. Anza na feni klachi. Kama Fuso yako bado ina feni ya kiwandani, katikati yake kuna klachi yenye mafuta mazito ya silikoni na springi ndogo mbele inayohisi joto la hewa itokayo kwenye rejeta. Hewa ikiwa baridi klachi inateleza na feni inazunguka polepole. Ikipata moto inashika, na unasikia mvumo mkubwa. Klachi iliyochoka inateleza hata ikiwa moto. Kitonga, injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, hata klachi inayoteleza bado inapata feni ya kutosha kukufikisha juu huku mshale umepanda kidogo, sawasawa na ulivyoeleza. Kwenye sailensi ya mizunguko 600, ikiteleza huna feni.

Kuipima ni rahisi. Injini ikiwa imepata moto wa foleni, izime na umwambie utingo aangalie feni. Klachi nzima inasimama karibu sawa na injini. Iliyokufa inaendelea kuzunguka yenyewe. Kisha, ufunguo ukiwa mfukoni mwako na si kwenye swichi, zungusha feni kwa mkono: inapaswa kuwa nzito, ikugomee. Ukiisukuma ikaenda mzunguko mzima na zaidi bila kukataa, imekwisha. Angalia pia kama kuna mafuta meusi yaliyorushwa kutoka katikati kuelekea kwenye mapanga, na kama feni inacheza mbele na nyuma ukiishika. Mafuta hayo ni silikoni iliyovuja, na klachi iliyovuja haina tena cha kushikia.

Watakushauri uifunge moja kwa moja kwa bolti au uichomelee ili izunguke muda wote. Kama umekwama njiani na unataka kufika nyumbani, fanya. Usiishi nayo. Feni iliyofungwa inakula nguvu na dizeli kilomita zote ambazo huihitaji, inaumiza beringi ya pampu, na panga lililokwishapata ufa likikatika kwenye mizunguko mikubwa linapasua rejeta, na aliyesimama karibu yuko hatarini. Nunua klachi. Ikiwa ni ya mtumba kutoka Gerezani, kwenye maduka ya vipuri Dar es Salaam, ipime kwa mkono kabla ya kulipa na uhakikishe haina dalili ya kuvuja. Na usikubali kufungiwa feni ya umeme ya gari dogo badala ya hii. Rejeta ya Fuso ni pana mno kwa feni hiyo.

Jambo la pili naliona karibu kila lori la zamani linaloingia gereji, na ndilo mafundi wengi wanalipuuza: kava ya feni. Ile plastiki au bati linaloizunguka feni nyuma ya rejeta likipasuka hutupwa, kwa sababu linasumbua kila ukibadilisha mkanda, na gari linaonekana kutembea vizuri bila yake. Barabarani ndiyo, linatembea vizuri. Lakini feni isiyo na kava inavuta hewa kutoka pembeni, palipo rahisi, badala ya kuipitisha kwenye rejeta. Ni sawa na kupepea jiko la mkaa ukiwa umesimama mlangoni: mkono unachoka, mkaa hauwaki. Hakikisha kava ipo, haina matundu, na mapanga yameingia ndani yake kama nusu au theluthi mbili ya upana wao. Nafasi kati ya ncha ya panga na kava iwe kama sentimita 2 au 3. Kama ya asili haipatikani, fundi bati mzuri anaweza kukutengenezea, mradi achukue vipimo vya uso mzima wa rejeta, si duara la feni peke yake.

Pamoja na kava kuna vipande vya mpira na sponji vinavyoziba nafasi pembeni, juu na chini ya rejeta. Vikikosekana, hewa moto iliyokwishapita kwenye rejeta inazunguka pembeni na kurudi mbele, kisha inavutwa tena. Ukiwa kwenye mwendo upepo wa mbele unaizuia. Ukisimama, hasa ukiwa nyuma ya lori lingine linalopuliza moshi, au upepo ukivuma kutoka nyuma yako, lori linavuta joto lake lenyewe lilelile. Vipande vya mpira wa tairi vilivyokatwa vizuri vinatosha kuziba. Hii ni kazi ya asubuhi moja.

Halafu mbele. Kama lori lako lina intakula (kipozea hewa ya turbo) au kondesa ya kiyoyozi mbele ya rejeta, usitosheke na kuosha kwa mbele. Uchafu mbaya umejificha katikati, kati ya intakula na rejeta: vumbi, nyasi, mabawa ya wadudu, makapi ya mpunga, vyote vimegandana na mafuta yanayotoka kwenye sili ya mbele ya injini. Ukitazama kwa mbele unaona pasafi kabisa. Fungua bolti za intakula, isogeze, uone mwenyewe. Osha ukielekeza maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia, kwa maji ya msukumo mdogo na sabuni ya kukata mafuta. Mashine ya kuoshea magari ukiisogeza karibu inalaza mapezi ya rejeta, na yakishalala upepo haupiti tena. Kama kuna mafuta, rekebisha kwanza panapovuja, la sivyo baada ya mwezi utakuwa palepale.

Na ukiwa mbele hapo, toa kila kilichoongezwa: wavu wa wadudu, taa za ziada, kibao cha maandishi. Wenzako wanaopita Makambako na Njombe miezi ya baridi huweka kadibodi mbele ya rejeta ili injini ipate moto. Nimeshakuta kadibodi ya mwezi wa saba kwenye lori lililoletwa gereji mwezi wa kumi na moja, limeshabadilishiwa pampu bila sababu.

Mkanda wa feni sitauzungumzia sana. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili: ukiingia zaidi ya milimita 15, umelegea. Ukiwa unang'aa pembeni kama kioo, unateleza hata ukiukaza, badilisha. Na uangalie sailensi yenyewe. Wengine huishusha ili kubana mafuta, injini inabaki inatetemeka kwenye mizunguko 450 au 500. Hapo feni haivuti, pampu ya maji haisukumi na hata oili haina nguvu ya kutosha. Irudishe kwenye kipimo cha kiwandani.

Sasa kifuniko cha rejeta, maana umesema maji yanatokea hapo. Hiki kinastahili uangalifu kuliko bei yake inavyoonyesha. Maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100 ukiwa Dar es Salaam. Mbeya, kwenye mwinuko wa kama mita 1,700, yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kifuniko kizima chenye maandishi ya 0.9, yaani kipimo cha msukumo kinachouzuia, kinayabana hata huko juu yasichemke mpaka yakaribie nyuzi 115. Chenye 0.5, kama nyuzi 107. Kikifa springi au mpira wake ukikauka, unarudi kwenye 94. Thamostati za injini hizi, yaani valvu inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta, huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 82, na hufunguka kabisa kwenye 90 au zaidi kidogo. Unaona jinsi nafasi ilivyo finyu? Injini yenye joto la kawaida kabisa, ambayo Dar isingekusumbua, huku nyanda za juu inachemsha kwa sababu ya kifuniko peke yake. Ikishachemka maji yanatoka, kiwango kinashuka, hewa inaingia, na joto linapanda kweli. Nunua kifuniko chenye namba ileile ya kiwandani. Usikimbilie namba kubwa zaidi ukidhani ni dawa, maana rejeta ya zamani itapasukia kwenye maungio.

Kuhusu thamostati: irudishe. Najua inavyoaminika kwamba kuitoa kunaachia maji yapite vizuri. Kwenye injini nyingi za malori thamostati ina kazi mbili: ikipata moto inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati huohuo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu. Ukiitoa, ile ya mkato inabaki wazi saa zote, na sehemu ya maji ya moto inarudi ndani ya injini bila kuiona rejeta. Yaani kwenye foleni umejiongezea joto, na alfajiri barabarani injini inafanya kazi ikiwa baridi, inakula dizeli na kuchafua oili. Weka mpya yenye namba sahihi, na kitundu chake kidogo cha kutolea hewa kielekee juu. Ukijaza maji, fungua hita, jaza taratibu, na uache injini iungurume kifuniko kikiwa wazi mpaka hewa iishe.

Usijaze maji ya kisima. Maji ya visima vya Dodoma na Singida, kwa mfano, yana chumvi nyingi, na chumvi hiyo inaganda kuzunguka silinda mahali ambapo hakuna brashi itakayofika. Tumia kulanti (dawa maalumu ya maji ya rejeta) nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, kama yale ya betri yasiyo na asidi. Kulanti inapandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi chache, na inalinda pampu na hedi dhidi ya kutu.

Wakati unakusanya hela na vipuri, foleni zitaendelea, kwa hiyo shika haya. Mshale ukianza kupanda, zima kiyoyozi, fungua hita mpaka mwisho hata kama mtaloa jasho, weka nyutro, pandisha mizunguko mpaka 1,000 au 1,200 kwa dakika mbili tatu. Feni na pampu zote zinaongezeka kasi, na mara nyingi mshale unashuka. Mshale usiposhuka, zima injini. Foleni ikiwa haisogei kwa zaidi ya dakika 10, zima hata kama mshale uko sawa, baada ya kuiacha sailensi dakika 3 ili turbo ipoe. Wengi hawazimi kwa sababu betri zimechoka na wanaogopa gari halitawaka. Basi tatizo la kutatua ni betri. Ila mshale ukigusa nyekundu au ukiona mvuke, hakuna kusubiri dakika 3, zima hapohapo. Usifungue kifuniko kabla mpira wa juu haujawa wa kushikika kwa mkono, na hata hapo tumia kitambaa kizito, uzungushe kidogo kwanza ili mvuke utoke. Utingo anayekimbilia na ndoo kumwagia injini maji ya baridi mzuie kwa nguvu zote. Hedi ya moto ikimwagiwa maji ya baridi inapata ufa, na hapo ndipo utakapoifungua kweli.

Ukishafanya yote haya na bado inachemka, turudi kwa fundi wa pili, lakini kwa mtego mmoja ambao nataka muukague pamoja kabla hajashika spana. Kompresa ya upepo wa breki nayo inapozwa na maji ya injini. Gasketi ya kichwa cha kompresa ikiungua, inasukuma hewa ndani ya maji, na dalili zake ni zilezile za gasketi ya injini: mapovu kwenye rejeta, maji kutapika, mipira kuwa migumu. Mapipa ya upepo yakiwa yanavuja, kompresa inapiga bila kupumzika hata ukiwa umesimama, na maji yanazidi kujaa hewa. Hedi nzima nyingi zimefunguliwa kwa kosa la kompresa.

Fanya hivi asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Toa upepo wote kwenye mapipa. Fungua kifuniko cha rejeta, jaza mpaka shingoni, washa, acha sailensi. Tazama mapovu wakati kompresa inajaza. Upepo ukishajaa utasikia gavana (valvu inayoisimamisha kompresa mapipa yakijaa) ikipumua na kompresa ikaacha kusukuma. Mapovu yakikoma au kupungua sana hapo, kosa ni la kompresa, na gasketi yake ni kazi ndogo. Yakiendelea vilevile, na yakiongezeka ukikanyaga mafuta, basi fundi wako alikuwa sahihi. Mruhusu afungue, lakini mpatane kabla kwamba hedi itapelekwa kwa fundi mashine ikapimwe unyoofu na kukaguliwa nyufa kabla hujanunua gasketi, na kwamba bolti zitakazwa kwa spana ya kipimo kwa mpangilio wa kiwandani.